Shokomzoba zinazonyanyua mkia wa gari: uzoefu wangu

Maji yakikupwa pale Likoni, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, na hapo ndipo nilipojua gari langu linaumwa. Kwenye buti mna magunia mawili ya nazi kutoka Msambweni, kiti cha nyuma wamekaa mamangu na shangazi zangu wawili. Bampa la nyuma likakwaruza chuma hadi mamangu akapiga Bismillahi. Miaka mitatu nyuma, mzigo kama huo ulipanda feri bila kugusa popote.

Gari ni stesheni wagoni ya Kijapani, ya mtumba. Tangu nilinunue nilikuwa naona ajabu moja: nikipakia, mkia unashuka kama wa gari lolote, kisha nikienda kilomita mbili tatu hivi unanyanyuka wenyewe. Amu yangu alikuwa na Mercedes-Benz W123 ya stesheni, ambayo nayo hujinyanyua, basi nikadhani ni mambo yale yale. Siku ile nikawasha injini nikaingoja inyanyuke hapo hapo. Wapi! Ile ya amu ina pampu ya oili inayoendeshwa na injini, kwa hiyo hupanda hata ikiwa imesimama. Yangu haiunganishwi na injini kabisa. Ni lazima itembee.

Fundi mmoja mtu mzima kule Changamwe alinichorea kwa chaki sakafuni. Ndani ya kila shokomzoba ya nyuma mna oili, mna nitrojeni iliyoshindiliwa, na katikati mna kijiti kinachofanya kazi ya pampu. Tairi likipanda tuta au likiingia shimo, kijiti huvuta oili kutoka chumba chenye presha ndogo na kuisukuma kwenye chumba chenye presha kubwa. Oili ikiongezeka humo, gesi hubanwa, na nguvu hiyo ndiyo inayoinua bodi. Mkia ukifika kimo chake, kijitundu hufunguka na oili hurudi ilikotoka, gari lisipande zaidi. Ukishusha mzigo, mkia hukaa juu kidogo, kisha oili hupita njia hiyo hiyo hadi ushuke. Matuta ya barabarani tunayoyalaani kila siku ndiyo yanayoipigia pampu! Nilifurahi kama mtoto kuelewa hilo.

Sasa sikilizeni palipoliwa pesa zangu. Gereji ya kwanza waliona oili imechuruzika kwenye shokomzoba, wakasema zimekufa, na hilo kweli. Wakafunga za kawaida na springi zangu za zamani wakaziacha. Gari likalala zaidi, hata likiwa tupu. Sababu yake ni kwamba springi za gari kama hili hutengenezwa laini makusudi, kwa kuwa sehemu ya uzito hubebwa na shokomzoba yenyewe. Ukiweka ya kawaida umeondoa mbebaji mmoja, na springi laini haziwezi peke yake. Atakaye za kawaida abadilishe na springi pia, aweke ngumu. Ni njia halali na nafuu, ila gari tupu litakuruka ruka.

Mimi nilichagua kurudisha aina ile ile ya mwanzo, mpya, zote mbili kwa pamoja. Bei iliniuma sana, sifichi. Lakini napakia familia na mzigo kila wiki, na usiku njia ya Ukunda taa zangu zilikuwa zinawapiga machoni wanaokuja mbele, kwa sababu mkia ukilala pua huangalia juu. Hilo lilinitia hofu kuliko bampa. Sasa taa zimetulia na kwenye kona gari halitangitangi.

Kuna waliotaka kunitobolea zile kuukuu wazijaze oili na gesi. Nilikataa. Mle mna presha kubwa, si mahali pa kuingiza drili. Na uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba hauongezeki hata chembe. Kunyanyuka kwa mkia kusikufanye uongeze gunia la tatu.

Huu ni mwezi wa nane tangu nifunge hizo mpya. Kila Ijumaa napitisha kitambaa cheupe kwenye shokomzoba zote mbili kutafuta oili. Hadi leo kinatoka na vumbi tu.