Kifaransa cha juu: kidato cha tano au DELF B2?

Kwa mwanafunzi wa Arusha aliyemaliza kidato cha nne, na Kifaransa chake kinamtosha kujieleza, kuna njia mbili: mchepuo wa KLF wa kidato cha tano na sita, au madarasa ya Alliance Française (kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa) hapa mjini hadi mtihani wa DELF B2, yaani cheti cha kimataifa cha Kifaransa, ngazi ya juu ya kati.

KLF inampa Kifaransa pamoja na Kiswahili na Kiingereza kwa miaka miwili, na cheti cha kidato cha sita ndicho kinachomfikisha chuo kikuu. Ila anaweza kupangiwa shule ya mkoa mwingine kabisa.

DELF B2 inapima anavyoitumia lugha. Sehemu ni nne, kila moja alama 25: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Ufaulu ni 50, lakini akipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote ameanguka, hata kama kwingine kote ameng'ara. Kwenye kuzungumza anapewa nusu saa ya kujiandaa, kisha anatetea hoja yake mbele ya watahini. Hapo wa kiwango cha kati hukwama kirahisi: msamiati anao, ila akianza na «bien que» (ingawa) anaendelea na «il est» badala ya «il soit», umbo la kitenzi linalotakiwa baada ya «bien que».

Mimi ningemwambia ashike KLF, na B2 aiandae likizo. Mazoezi hayako mbali: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, na hukumu zake zinapatikana kwa Kifaransa. Achukue moja, aisome aya kwa aya, kisha aieleze kwa sauti bila kutazama karatasi.