Bomba la pazia la sebuleni limenitoa roho

Mnaokwenda Kariakoo kutafuta mabomba ya pazia, someni hapa kabla hamjatoa hela.

Duka silitaji. Nilikwenda na vipimo vya nyumba nzima kwenye karatasi: sebuleni dirisha la aluminiamu la kusukuma, karibu mita tatu, chumba cha watoto dirisha dogo, jikoni kidirisha juu ya sinki. Nikamwambia kijana wa kaunta kwamba sebuleni natundika pazia zito na shia, lile jepesi linaloonyesha, kwa pamoja, kwa hiyo nataka bomba nene, la njia mbili. Macho hayakutoka kwenye simu. "Dada, bomba ni bomba. Chukua haya ya kuvuta, yanaenea dirisha lolote." Nikafungua boksi, vishikio viwili tu. Nikauliza, cha katikati kiko wapi? Akamgeukia mwenzake akacheka: "Wateja wa siku hizi wote mafundi!" Watu wamejaa dukani, wananiangalia. Mume wangu akasema lipa tuondoke, bajaji inasubiri. Haya.

Bomba la kuvuta ni mabomba mawili, jembamba limeingia ndani ya jingine. Ukilivuta mpaka mwisho, uzito unalemea zaidi pale kwenye maungio, katikati kabisa. La kwangu lilikaa siku chache tu, likaanza kupinda mpaka likawa kama kamba ya kuanikia nguo. Pazia linateleza lenyewe linajikusanya katikati. Ulisukume pembeni, linarudi. Usiku taa ikiwaka, jirani anajua tunakula nini. Halafu jioni moja, wageni wamekaa, kishikio cha kushoto kikang'oka na fisha yake, ile plastiki ya ukutani inayoshika skrubu, plasta ikammwagikia shemeji kwenye chai. Fundi alipokuja akanionyesha skrubu: fupi kama nini sijui, zimeshika plasta peke yake, zege hazijaligusa.

Nikarudi nalo dukani. Yule yule. "Mmelifunga vibaya, dada. Na mali ikishauzwa hairudishwi." Risiti anayo mkononi, bomba limepinda analiona. Hata pole hakuna!

Sasa niseme ukweli, ingawa unaniuma. Lile la chumba cha watoto, aina ile ile, halina shida hata kidogo. Dirisha fupi, pazia jepesi, wanalivuta kutwa na halijatikisika. Na la jikoni, lile dogo la springi linalobana ukuta kwa ukuta bila kutoboa, nimelipenda mno. Kulivua nifue kipazia chake ni sekunde tu. Kwa hiyo mabomba si mabaya. Anayeyauza ndiye hajui linakaa wapi lipi, na hataki kuambiwa.

Sebuleni nimenunua jingine duka la Tegeta: nene, vishikio vitatu, na fundi amelipitisha kiasi cha sentimita 20 kila upande wa dirisha ili pazia likifunguliwa lisizibe kioo. Jueni tu kwamba pazia la matundu, lile ambalo bomba linapita kwenye matundu yake, halivuki kishikio cha katikati, kwa hiyo shoneni vipande viwili, kila kimoja kibaki upande wake. Bei iliuma, lakini muuzaji alichukua futi kamba akaniuliza pazia lina uzito gani. Mpaka nikashangaa!

Kwa lile duka la Kariakoo nilitaka kutoa nyota mbili, kwa sababu ya jikoni. Nikikumbuka kile kicheko, moja. Na hiyo ni ya springi, kijana asijidai.