Kipimo cha kingamwili za CMV: kinafaa, lakini karatasi ya majibu haitoshi

Kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili za sitomegalovirusi, yaani CMV, virusi vinavyoweza kumwambukiza mtoto tumboni, hutolewa na maabara nyingi kwa wajawazito, na kwa upande wa huduma yenyewe sina la kulalamikia: hutolewa damu kidogo mkononi, hakuna haja ya kufunga kula, na mambo yamekwisha. Kasoro iko kwenye karatasi ya majibu. Niliyokabidhiwa mimi ilikuwa na mistari miwili, IgG (kingamwili zinazobaki baada ya maambukizi) chanya na IgM (zile zinazotokea mwanzoni mwa maambukizi) hasi, na chini yake maneno "muone daktari wako", basi.

Asiyejua akiona "chanya" atadhani anaumwa. Kumbe IgG chanya huonyesha tu kwamba mwili uliwahi kukutana na virusi hivi, kama ilivyo kwa watu wazima wengi duniani, kwa sababu CMV ni vya jamii ya herpesi na vikishaingia mwilini hubaki humo maisha yote, aghalabu vikiwa vimelala. Majibu yangu, kwa hiyo, yalikuwa ya kutuliza, ila hakuna aliyeniambia hivyo pale dirishani.

IgM chanya ndiyo yenye utata. Huweza kudumu mwilini kwa miezi mingi, huweza kujitokeza virusi vya zamani vinapoamka, na wakati mwingine kipimo chenyewe hukosea. Ndiyo maana kuna kipimo cha tatu, cha nguvu ya IgG kushikamana na virusi: ikiwa dhaifu, huenda maambukizi ni ya miezi michache tu iliyopita, ikiwa imara katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, yaelekea yalitangulia mimba. Tofauti hiyo ni kubwa, kwani mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito humwambukiza mtoto tumboni takriban mara moja katika kila tatu, ilhali kwa mwenye maambukizi ya zamani uwezekano huo ni mdogo sana. Maabara inayopima IgM bila kuwa na kipimo hiki cha tatu, kwa maoni yangu, inauza wasiwasi.

Kwa mtoto mchanga kipimo hiki hakifai, kwa kuwa IgG za mama hupita kwenye kondo na kuonekana katika damu yake. Kinachotakiwa ni kupima virusi vyenyewe katika mkojo au mate ndani ya siku 21 tangu kuzaliwa. Baada ya hapo haijulikani tena kama aliambukizwa tumboni au baadaye, pengine kwa maziwa ya mama. Muda huo haufai kupotezwa, maana mtoto huweza kuzaliwa akionekana mzima kabisa kisha akapoteza usikivu miaka kadhaa baadaye.

Mwenye majibu hasi ndiye anayesahaulika zaidi. Chanjo haipo, hivyo alipaswa kuelezwa anawe mikono baada ya kubadilisha nepi, asile kwa kijiko kimoja na mtoto mdogo, na ambusu kwenye paji la uso badala ya mdomoni.

Ningependekeza kipimo hiki kwa sharti moja: kabla ya kulipa, uliza kama IgM ikitoka chanya wataendelea na kipimo cha tatu kwa damu ileile, na ni nani atakayekusomea majibu.