Shimano SLX 150HG na ufito wa futi 7: seti ya kuvulia besi Naivasha

Wengi wanaotaka kuhamia kwenye beitikasta, yaani rili inayokaa juu ya ufito na ambayo bobini yake (gurudumu la kubebea mshipi) huzunguka unaporusha, huanza kwa kuuliza rili ipi ni nzuri. Ni afadhali kuanza na ufito. Ufito ndio unaoamua uzito wa chambo utakachoweza kurusha na jinsi utakavyomtoa samaki kwenye vichaka, na rili hufuata. Rili ya bei kubwa kwenye ufito usiofaa itakuvurugia mshipi siku nzima.

Na ufito unafuata maji. Besi wa Ziwa Naivasha, Kenya, ni samaki yule mwenye mdomo mpana, asili yake Amerika ya Kaskazini, aliyepandikizwa ziwani mwishoni mwa miaka ya 1920. Anakaa kwenye kingo za mafunjo, chini ya magugu maji, na tangu ziwa lilipofurika mwaka 2020, katikati ya migunga iliyokufa ikiwa imesimama ndani ya maji. Akikua hula sana kamba wekundu wa Louisiana, walioletwa hapo mwaka 1970. Maji mara nyingi ni ya tope, kwa hiyo besi anakuwa karibu na kificho chake na hupiga chambo kinachopita mbele ya mdomo. Kwa hali hiyo unahitaji mambo matatu: kurusha chambo cha gramu 10 hadi 20 kwa shabaha, kumchoma ndoana kwa nguvu, na kumwondoa kwenye kigogo ndani ya sekunde mbili za kwanza. Beitikasta ipo kwa ajili ya kazi hiyo. Bobini yake huzunguka na kuuachia mshipi moja kwa moja bila kuupinda, hustahimili mshipi mnene, na kidole gumba kikiwa juu yake unakisimamisha chambo unapotaka. Kwa chambo chepesi chini ya gramu 7, rili ya spini, ile inayoning'inia chini ya ufito na bobini yake haizunguki unaporusha, bado ni bora, na hakuna haja ya kubishana juu ya hilo.

Ufito tunaoupendekeza uwe wa futi 7, ugumu ulioandikwa MH (medium heavy, yaani mgumu kiasi), unaopinda karibu na ncha tu. Soma maandishi juu ya mpini kabla ya kulipa. St. Croix Mojo Bass wa futi 7 na inchi 1, MH, kwa mfano, umeandikwa mshipi wa pauni 12 hadi 20 na chambo cha aunsi 3/8 hadi aunsi 1, yaani kati ya gramu 10 na 28. Huo ndio upana unaofaa hapa. Ni wa kaboni, mwepesi, na unausikia mpigo mdogo wa besi anapokiokota chambo chini kwenye matope. Kasoro yake kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni moja na ni kubwa: ni kipande kimoja. Ufito wa zaidi ya mita 2 usiokunjika ni shida kwenye matatu, na kwenye ndege unahitaji mrija mgumu na huenda ukalipiwa kama mzigo wa umbo lisilo la kawaida.

Anayesafiri atazame Ugly Stik GX2 wa futi 6 na inchi 6, MH, vipande viwili. Huu umechanganya kaboni na faibaglasi. Ni mzito zaidi na ncha yake inazima sehemu ya mpigo, kwa hiyo kwa jigi (ndoana yenye kichwa kizito) utapitwa na baadhi ya miumo. Lakini pete zake za kupitishia mshipi ni za chuma kisichoshika kutu, zimetengenezwa kipande kimoja bila kauri ya kung'oka, na ufito wenyewe unavumilia kukanyagwa ndani ya mashua kuliko kaboni tupu. Kwa mtu anayeanza, ugumu huo wa kudumu una thamani kuliko wepesi.

Hakikisha umenunua ufito wa beitikasta kweli. Rili hukaa juu, pete zinatazama juu, na chini ya kikalio cha rili pana ulimi mdogo wa kuzungushia kidole. Ukifunga beitikasta kwenye ufito wa spini, pete ya kwanza ni kubwa mno na iko mbali, mshipi utapigapiga na mpini hautashikika vizuri.

Sasa rili. SLX ilitoka mwaka 2018, na bei yake Marekani ilianza karibu dola 100. Ina uzito wa gramu 195, fremu ya chuma, na umbo dogo linaloenea kiganjani hata kwa mwenye mkono mdogo. Namba 150 ina mkono wa kuzungushia upande wa kulia, 151 upande wa kushoto. Hili linasahaulika sana wakati wa kuagiza mtandaoni, na muuzaji aliye mbali hatakubadilishia kwa urahisi.

Kuna gia tatu. Ile isiyo na herufi ni 6.3:1 (bobini huzunguka mara 6.3 mkono wa rili ukizungushwa mara moja), HG ni 7.2:1 na XG ni 8.2:1. Kila mzunguko mmoja wa mkono huvuta takriban sentimita 66, 76 na 86. Besi akishika jigi kwenye kigogo, mara nyingi hukimbia kuja kwako, na mshipi uliolegea haumchomi. Gia ya 6.3 inachelewa kuukusanya. Ile ya 8.2 inakusanya upesi, lakini ukivuta chambo kinachozama kwa ulimi mpana mkono unachoka, na wanaoanza huvuta kila kitu haraka mno. HG ndiyo ya kununua ikiwa utakuwa na rili moja tu. Atakayevua kwa krankibeiti, yaani hicho chambo chenye ulimi, peke yake achukue 6.3.

Bobini inabeba kama mita 110 za nailoni ya pauni 12. Kwa besi inatosha kabisa. Dragi, yaani ule msuguano unaomwachia samaki mshipi anapovuta, inafika karibu kilo 5 ikikazwa hadi mwisho. Wapo wanaolalamika kwamba ni kidogo ikilinganishwa na rili nyingine za bei hiyo. Kwa besi si hoja. Dragi hukazwa kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa florokaboni (aina ya mshipi wa uzi mmoja) ya pauni 15 hiyo ni karibu kilo 2, na unaipima kwa mizani ya springi kwa kuvuta mshipi ulionyooka kutoka kwenye rili. Muhimu ni dragi ianze kuachia kwa ulaini bila kushtuka, na ya SLX inafanya hivyo. Ungekuwa unawinda sangara wa Ziwa Victoria tungekwambia utafute rili kubwa zaidi.

Breki ndiyo sababu ya kuichagua. Ndani ya kifuniko cha ubavuni mna vipande vidogo vinne vya plastiki. Kila kimoja unaweza kukiweka kazini au kukizima. Bobini inapozunguka kwa kasi vipande hivyo husukumwa nje na kusugua ukingo, kisha kasi ikipungua vinalegea vyenyewe. Kwa hiyo breki inafanya kazi zaidi mwanzo wa mrusho, ambapo wengi hukosea, na kuuacha mshipi utiririke baadaye. Nje kuna kirekebishi cha kuongeza au kupunguza bila kufungua chochote.

Mshipi huvurugika kwa sababu moja tu: bobini inazunguka haraka kuliko chambo kinavyouchukua mshipi. Hutokea mwanzoni ukirusha kwa mshtuko, katikati upepo unapokipunguzia chambo mwendo, na mwishoni chambo kikigusa maji huku bobini ingali inazunguka. Naivasha upepo huvuma kwa nguvu mchana hadi alasiri, kwa hiyo kosa la pili ni la kila siku hapo.

Ufungaji wa kwanza ufanyike hivi. Zungusha kwanza nailoni kidogo, mizunguko kumi hadi kumi na mitano, ndipo uunge mshipi wa kusuka. Mshipi wa kusuka ukifungwa moja kwa moja kwenye chuma laini huteleza wote kwa pamoja, na utadhani dragi imekufa. Ujaze ukiwa umeubana mshipi kwa kitambaa chenye unyevu ili ulale kwa nguvu, na uache milimita 2 hadi 3 kabla ya ukingo. Kujaza hadi juu ni kujitafutia mvurugo. Kisha funga chambo cha gramu 14, inua ufito, bonyeza kitufe cha kuachia ukiwa umeweka kidole gumba kwenye bobini, na uondoe kidole taratibu. Rekebisha nati ya upande wa mkono hadi chambo kishuke polepole na bobini isimame chambo kinapogusa chini bila kuzidi mzunguko mmoja. Weka vipande viwili vya breki vinavyotazamana kazini, na kirekebishi cha nje juu ya nusu. Vikiwa vya kuelekeana bobini inabaki na uwiano. Ukiweka viwili vya upande mmoja itatetemeka.

Rusha kwa mzunguko laini, ufito ukijipinda kwa uzito wa chambo, si kwa kupiga kama mjeledi. Kidole gumba kiguse mshipi kwa wepesi muda wote, na kiukandamize kabla tu chambo hakijatua. Kila unapobadilisha uzito wa chambo, rudia kipimo cha kushuka. Ukizoea, legeza nati hadi bobini iwe huru lakini isichezecheze kushoto na kulia, kisha uache breki ya ndani ifanye kazi yake. Upepo ukiwa usoni mwako, ongeza kirekebishi hatua mbili na urushe chini chini, ufito ukiwa ubavuni.

Mvurugo ukitokea usichukue kisu. Bana bobini kwa kidole gumba kwa nguvu, zungusha mkono mara mbili au tatu, kisha bonyeza kitufe na uvute mshipi kwa mkono. Vitanzi vingi vinafunguka hapo hapo. Vikikataa, rudia mara mbili tatu kabla ya kuanza kuchokoa kwa ncha ya ndoana, ambayo huuchuna mshipi na kuuacha ukatike siku utakapompata samaki mzuri.

Kuhusu mshipi wenyewe: wa kusuka wa pauni 50 kwenye magugu na mafunjo, kwa sababu unakata majani na hauvutiki, hivyo ndoana inazama. Kwenye vigogo na mawe florokaboni ya pauni 15 hadi 17 inastahimili kusuguliwa vizuri zaidi. Nailoni ya pauni 12 ni nafuu na inasamehe, lakini inavutika sana, na kwa umbali wa mita 25 ndoana nene ya jigi haitapenya mdomo wa besi. Wa kusuka wa chini ya pauni 30 usiutie kwenye beitikasta: ni mwembamba, unajichimbia ndani ya tabaka za chini samaki anapovuta, na mrusho unaofuata unakatika angani na chambo kinaenda.

SLX si ya kila mtu. Hairushi vizuri chini ya gramu 7, hata breki zikipunguzwa. Beringi zake ni chache, 3 na moja ya kuzuia mkono usirudi nyuma, na mkono hauna ulaini wa rili za bei mara mbili. Toleo la DC lina breki ya kompyuta yenye ngazi nne na husamehe makosa mengi ya kidole gumba, ila bei inakaribia mara mbili, na hata nayo kidole gumba bado kinahitajika. Tungependelea tofauti hiyo iende kwenye ufito. Kwa bajeti ndogo, Abu Garcia Black Max ina breki ya sumaku unayoigeuza kwa kirekebishi kimoja cha nje, rahisi kueleweka, ingawa ni nzito kidogo na ubora wake wa kuzunguka uko chini. Daiwa Tatula ni mshindani wa kweli: kiongoza mshipi chake kina umbo la T, pana juu wakati wa kurusha, hivyo mshipi hausuguani sana. Anayerusha mbali zaidi kutoka mashuani aifikirie hiyo kwanza. Kwa kuvua karibu na vigogo, umbo dogo la SLX linashinda.

Ukiwa dukani, au mzigo ukifika, ikague. Zungusha mkono polepole kabisa ukiwa umeiweka rili karibu na sikio. Mkwaruzo unaorudi kila mzunguko ni gia yenye kasoro. Jaribu kuurudisha mkono nyuma, usitoe nafasi. Bonyeza kitufe mara ishirini, kirudi kila mara unapozungusha. Kwenye ufito, pitisha pamba ndani ya kila pete: nyuzi zikinasa, kauri ina ufa, na ufa huo utakata mshipi wa kusuka. Tazama kutoka nyuma kwa jicho moja kama pete zote ziko mstari mmoja. Gharama ya usafirishaji na ushuru iulize kabla, maana kwa ufito mrefu inaweza kuikaribia bei ya bidhaa yenyewe.

Matunzo ya maji baridi ni mepesi. Legeza dragi unapoiweka. Vipande vya mizizi ya magugu maji na tope hujikusanya kwenye parafujo inayoendesha kiongoza mshipi, na hapo ndipo SLX huanza kupiga kelele. Visafishe kwa mswaki mkavu na utie tone moja la mafuta mepesi. Tone moja pia kwenye beringi za bobini, grisi kwenye gia tu. Grisi ikiingia kwenye beringi za bobini, umbali wa mrusho unapungua na mtu huilaumu breki. Ukiipeleka Kilifi au Mombasa, iondoe chumvi jioni hiyo hiyo kwa kitambaa chenye maji baridi, si kwa mpira wenye kasi, kwa sababu maji ya nguvu huisukuma chumvi ndani.

Leseni ya uvuvi wa burudani ikatwe mapema, na uvue ukiwa ndani ya mashua na nahodha anayejua njia za viboko. Kingo za mafunjo ambazo seti hii imetengenezewa ndizo wanazopitia viboko jioni, kwa hiyo mrusho wa mwisho uwe kabla jua halijazama.