Piki za gitaa la besi: nimebaki na pembetatu ya zambarau

Ingia duka lolote la vyombo vya muziki Kariakoo uombe piki ya besi, kile kijisahani cha kupigia nyuzi. Muuzaji atakusogezea kikopo kile kile cha piki za gitaa, atachagua moja nyembamba yenye rangi ya kuvutia, na akiona unasita atakwambia, "Bosi wangu, piki ni piki." Hapana. Gonga uzi wa E wa besi, ule mnene kuliko wote kwenye besi ya nyuzi nne, kwa kipiki cha nusu milimita uone: kinajikunja, unasikia "tak" ya plastiki, halafu noti yenyewe inakuja nyuma imekonda.

Mimi napiga besi kanisani Jumapili na kwenye harusi Jumamosi. Besi yangu ni ya nyuzi nne, nakala ya Precision ya Fender, na nyuzi zake ni zile za kawaida zinazokwaruza kidole, unene wa .045 hadi .105 ya inchi. Nayasema haya kwa besi hiyo. Mwenye nyuzi tano ajue kwamba uzi wake wa B ni mzito zaidi, kwa hiyo aongeze ugumu kidogo kwenye kila ninalosema.

Kuna wazee wa bendi wanaoamini piki ni ya solo na rithim, na kwamba mpiga besi anayeshika piki kazi haijui. Shikamoo zao nawapa, lakini hapo hatukubaliani. Carol Kaye, ambaye besi yake imo kwenye rekodi nyingi sana za Los Angeles za miaka ya 1960, alipiga kwa piki. Alikuwa mpiga gitaa. Mwaka 1963 mpiga besi hakutokea kwenye kikao cha kurekodi cha Capitol Records, akaombwa ajaze nafasi, na piki yake akahamia nayo kwenye besi. Chris Squire wa bendi ya Yes naye alijulikana kwa piki na besi yake ya Rickenbacker. Hawa si watu wa kuambiwa hawajui kazi.

Halafu kuna sababu ya hapa hapa nyumbani, nayo ni spika. Uzi wa E mtupu hutetemeka karibu mara 41 kwa sekunde. Spika mbili za inchi 12 juu ya stendi, bila sabu (spika ya sauti nzito), ambazo ndizo utakazozikuta kwenye kumbi nyingi za mtaani, huko chini zinahangaika. Simu ya mtu anayerusha ibada mubashara ndiyo haitoi kitu kabisa. Kinachobaki kusikika ni sauti za juu zinazozaliwa na noti hiyo hiyo, ile ya mara 82 kwa sekunde, ya mara 123 na kuendelea, na sikio linajazia kilichokosekana. Kidole hutoa sauti hizo kwa uchache. Piki huziamsha. Ndiyo maana fundi mitambo wetu akiniona nimeshika piki hanigusi tena kwenye mixa. Nikipiga kwa vidole, kila wimbo ananifanyia ishara ya mkono nipandishe.

Sasa piki zenyewe.

Piki ambayo kila mtu anayo ni ile ya umbo la tone, Fender 351 ya seluloidi (plastiki ya kizamani) au mojawapo ya nakala zake. Umbo hilo ni kongwe. Linatokana na kampuni ya D'Andrea ya New York, iliyoanza kukata piki za seluloidi miaka ya 1920. Kwenye gitaa la rithim sina neno nayo. Kwenye besi nimeijaribu ile yenye alama ya "medium" na ile ya "heavy". Ya "medium" inafaa kwa nyimbo za taratibu ukiwa huna haja ya kusikika sana, maana inatii nyuzi kuliko nyuzi zinavyoitii yenyewe. Ya "heavy" ni kazi halisi, sauti yake ina mng'ao mzuri wa kati. Tatizo lake ni jasho. Seluloidi ni laini na inateleza, na ukumbi wa Dar mwezi wa pili, feni mbili zinasukuma hewa ya moto, vidole havikauki. Wimbo wa tatu piki imezunguka mkononi na unapiga kwa bega la piki badala ya ncha. Pia usiiache karibu na mshumaa wa madhabahuni: seluloidi inashika moto upesi.

Wengine wakishasikia kwamba nyembamba haifai wanarukia unene tu. Waonyeshe Jazz III, ile nyekundu ndogo ya kampuni ya Dunlop. Unene wake ni milimita 1.38, kwa hiyo kwa hesabu ya unene ilipaswa kuwa mfalme wa besi. Lakini ni ndogo na ncha yake imechongoka. Wapiga solo wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye besi ncha kali inachoma uzi, inatoa mlio mwembamba wa juu, na mwili wa noti hauupati. Na kwa kuwa ni ndogo, nguvu ya uzi wa E inaipokonya kwenye vidole. Besi inataka ncha yenye duara kidogo na eneo pana la kushika, kisha ndipo uulizie unene.

Big Stubby ya milimita 3 nayo ni ya Dunlop, ya plastiki inayopitisha mwanga, ukiiona unadhani pipi ya kunyonya. Katikati ina kishimo ambapo dole gumba linakaa vizuri mno. Haipindi hata kidogo, na hilo ndilo linalonishinda. Piki isiyopinda kabisa inakuhamishia kila kosa la mkono kwenye spika: ukigonga kwa nguvu kidogo zaidi, noti inaruka juu ya bendi nzima. Mtu mwenye mkono wa kipimo ataipenda, kwa kuwa sauti yake ni nene na haina ule mkwaruzo wa plastiki nyembamba. Mimi naishikia nyumbani kwa mazoezi, ukumbini siendi nayo.

Piki za naironi zina marafiki wengi, nami ni mmoja wao. Chukua ile ya Dunlop yenye vinundu vya kushikia, ya milimita .88 au 1.0. Ni laini kwa sauti. Ule "tak" wa mwanzo umepunguzwa, kwa hiyo inakaribia kidole bila kupoteza ule uwazi. Nikipiga zile nyimbo za kwaya zenye mwendo wa rege, ambapo besi inatakiwa ijae na isigombane na kinanda, ndiyo ninayotoa mfukoni. Ubaya wake ni kwamba naironi ikichakaa inatoa vijinyuzi na vipengo pembeni ya ncha, na kila kipengo kinasikika kikipita juu ya uzi uliosokotwa. Msasa laini unarekebisha. Tupa ya kucha ya dada yako inarekebisha vizuri zaidi, ukimwomba kwanza.

Piki ya kitambaa kilichogandamizwa, ile wanayotumia wapiga ukulele, nitaitaja kwa ufupi. Inatoa besi ya kizamani, butu na tamu, hasa ukiwa na nyuzi bapa, zile laini zisizokwaruza. Nyuzi zangu zinaitafuna, baada ya kipindi kimoja cha mazoezi besi nzima imejaa manyoya. Kama unaitaka sauti hiyo, ni rahisi zaidi kukata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, ukakipachika chini ya nyuzi karibu na daraja (pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa besi), ukabaki na piki yako ya kawaida. Noti inakatika mapema, inatoa "dum" fupi, na dansi za zamani zinakaa mahali pake.

Ninayoitumia ni Dunlop Tortex ya pembetatu, rangi ya zambarau, milimita 1.14. Kwenye Tortex rangi ndiyo kipimo: nyekundu ni .50, ya chungwa .60, njano .73, kijani .88, bluu 1.0 na zambarau 1.14. Hata kwenye giza la pembeni ya jukwaa, kwa tochi ya simu tu, unajua umeshika ipi.

Juu yake pamechorwa kasa, na kasa huyo ana sababu ya kuwepo. Zamani piki za watu wenye fedha zilichongwa kwa gamba la ng'amba, aina ya kasa, yule yule anayeogelea hata kwenye maji yetu ya Mafia. Biashara ya kimataifa ya gamba hilo ilifungwa miaka ya 1970 kwa CITES, mkataba wa kulinda viumbe walio hatarini, na mwaka 1981 kampuni ya Jim Dunlop ya California ikaitoa Tortex, plastiki iliyotengenezwa ili ishikike na ilie kama gamba. Gamba lenyewe sijawahi kulipigia wala sitaki. Ninachojua ni kwamba uso wa Tortex haung'ai, una ukavu fulani wa unga unga, na ukipata jasho hautelezi. Hapo seluloidi ilikuwa imeshashindwa zamani.

Umbo la pembetatu ndilo lililoniuzia. Ni pana, upande mmoja karibu sentimita tatu, kwa hiyo dole gumba na ubavu wa kidole cha shahada vinapata mahali pa kulala bila kubana. Kubana ndiko kunakoleta maumivu ya kiganja kwenye harusi ndefu, pale MC anapowaambia mrudie tena wimbo wa keki. Naacha ncha itokeze kidogo tu, milimita nne au tano, nailaza kidogo ili isigonge uzi kwa ubapa wote, na napigia kati ya pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) na daraja. Ubavu wa kiganja unagusa nyuzi juu ya daraja, tayari kuzinyamazisha. Kwa ncha fupi namna hiyo hata ile 1.14 inapinda kidogo sana, lakini inapinda. Noti inapata mlango wa kuingilia na bado inakuja nzima. Rumba ikigeuka sebene, mwendo ukapanda na mchombezaji akaanza kuita majina ya kamati, naenda juu na chini kwa mkono ule ule bila ncha kunasa.

Faida nyingine: pembe ni tatu. Mtu wa mkono wa kulia anachakaza ncha kwa upande mmoja, inalika kimshazari. Ikifika hapo sauti inaanza kukwaruza, basi unageuza pembe ya pili. Nyuzi zangu zinaila kweli. Baada ya ibada utakuta unga wa zambarau umetanda juu ya pikigadi, kile kibao cha kukinga mwili wa besi, chini ya nyuzi. Naupuliza, maisha yanaendelea.

Kasoro zake zipo. Nikitaka kuhamia vidole katikati ya wimbo, hii sahani haifichiki kiganjani kama piki ndogo; inabidi niiume kwa meno, na mpiga besi aliyeuma piki hawezi kuitikia kiitikio. Kwenye wimbo mtulivu, labda tenzi yenye kinanda peke yake, "tak" yake inasikika hata na waliokaa nyuma. Hapo sigombani nayo, narudi kwenye naironi. Na mwenye mkono mdogo, au anayetoka kwenye gitaa akiwa bado anaogopa ugumu, aanze na ya bluu, au hata ya kijani. Tofauti ya rangi moja kwenye besi inasikika kuliko unavyodhani.

Mnunuzi awe macho, maana bandia zipo. Niliuziwa kwenye duka moja piki ya zambarau yenye kasa na maandishi yote, uso unang'aa kidogo, nikaipinda ikabaki imepinda. Tortex halisi ukiikunja na kuiachia inarudi bapa. Muuzaji akikukataza kupinda, mshukuru, nenda duka la jirani. Pakiti halisi ya kampuni ina piki 6, lakini wengi Kariakoo wanazifungua na kuuza moja moja, na moja haifikii bei ya chipsi mayai. Nunua mbili. Ya pili ichomeke chini ya nyuzi kwenye kichwa cha besi, juu ya nati (kijiti kinachoshika nyuzi mwanzo wa shingo), maana ya kwanza itaangukia nyuma ya ngoma siku bwana harusi yuko mlangoni na huna nafasi ya kuinama kuitafuta.