“Mafuta ni mafuta, dada”: uzoefu wangu na gereji moja ya Nyakato, Mwanza

Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota tatu na kunyamaza. Gereji ni safi, vijana wanawahi kazini, risiti unapewa bila kuidai. Lakini juzi nimepita pale nikamwona yule bosi kwenye kiti chake cha plastiki anacheka na mteja, damu ikanichemka upya. Hizo nyota tatu zisubiri kwanza.

Gari langu ni Land Rover 109, lile alilobebea pamba marehemu baba kule Kwimba. Wanaoyajua magari haya wanajua breki zake: dramu mbele, dramu nyuma, yale mabakuli ya chuma yanayozunguka na gurudumu, na langu lina njia moja tu ya mafuta ya breki inayolisha magurudumu yote manne. Ikiharibika hiyo, huna kitu. Na mimi naishi Isamilo, mteremko unaanzia getini. Kwa hiyo pedali ilipoanza kuzama mpaka niipampu ndiyo ishike, sikuvuta siku, nikawapelekea.

Kazi ya kwanza sina ugomvi nayo. Silinda ya gurudumu la nyuma ilikuwa inavuja na kulowesha shuu, zile zinazosukumwa na silinda kubana dramu. Wakabadilisha silinda, wakafunga shuu mpya, wakajaza mafuta, wakatoa upepo. Nikalipa. Nikashuka na kupanda Isamilo kwa raha zangu, nikawasifia hata kwa majirani. Majirani mnisamehe.

Baada ya muda kidogo nikawa na safari ya Magu. Nimeshapita Igoma, naona gari linakuwa zito, nakanyaga mafuta haliitiki. Pedali ya breki imepanda juu kabisa, ngumu, haibonyei. Nafika Kisesa harufu ya kuungua imejaa ndani, na dramu zote nne zina moto wa kukaangia samaki. Nikapaki kivulini, nikanunua machungwa, nikasubiri. Zilipopoa, gari likaondoka kana kwamba halijawahi kuumwa. Mbele kidogo, yaleyale.

Nikarudi gereji, nikamweleza bosi kwa utaratibu: zinakamata zikipata moto, zinaachia zikipoa, na ni magurudumu yote, mbele na nyuma. Hakunyanyuka kitini. Akasema shuu mpya lazima zijitafutie nafasi, akaita kijana alegeze ajasta, ile inayosogeza shuu karibu na dramu. Kijana wa watu akalegeza. Nikafika Mabatini, zimekamata tena.

Nikageuza siku hiyohiyo. Bosi akaniangalia, akaangalia nyuma yangu kama kuna mtu anakuja, akasema, “Dada, mlete mwenye gari tuongee.”

Mwenye gari ni mimi. Kadi ina jina langu, na risiti aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe ina jina langu. Nikamwambia hivyo. Akajibu, “Sawa, basi mlete hata kaka yako.” Wateja wakacheka. Kuna mmoja alicheka mpaka akashika mlango wa Noah yake. Wewe kaka mwenye Noah ya kijivu, nimekuhifadhi.

Sasa pale ndani kuna fundi mzee, kazi zake nyingi ni bushi na springi, hasemi sana. Alinifuata mpaka nje. “Shikamoo baba.” “Marahaba, mayu. Unakaa wapi?” Jumapili baada ya misa akaja nyumbani na mfuko wa spana.

Jinsi alivyolitafuta tatizo ndiyo sababu naandika yote haya. Aliniambia hozi ya breki, lile bomba la mpira la kupeleka mafuta kwenye magurudumu, ikiziba kwa ndani, inang'ang'anisha gurudumu lake, au ya nyuma yote mawili. Yakikamata manne kwa pamoja, mchawi yuko juu, kwenye breki masta, ile pampu kuu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali. Lakini hakuishia kwenye maneno. Tukalizungusha gari mpaka likakamata, tukalisimamisha tambarare, tukalisukuma: halisogei. Akaingia chini, akafungua nipo ya kutolea upepo kwenye gurudumu moja tu la mbele. Mafuta yakaruka kwa nguvu. “Sukuma sasa.” Mimi na mtoto wa jirani tukasukuma, gari likaenda.

Yaani lile jambo la shuu kujitafutia nafasi lilikufa palepale. Kama ni shuu au springi zake, kufungua nipo kusingeyaachia magurudumu. Kama ni hozi, lingeachia lile alilofungua, mengine yangebaki yameshika. Presha ilikuwa imefungiwa ndani, hairudi kwenye tangi la mafuta ya breki. Akabonyeza pedali kwa kidole kupima kama kijiti cha kusukumia pistoni ya masta kina nafasi yake ndogo. Kinayo. Basi pistoni yenyewe ndiyo hairudi mpaka mwisho, na njia ya mafuta kurudi tangini inabaki imezibwa.

Akaomba glasi ya maji. Nikadhani ana kiu. Akavuta mafuta kwenye tangi la breki kwa bomba la sindano, akayadondoshea kwenye maji. Mafuta halali ya breki za magari haya, DOT 3 au DOT 4, ni ya glaikoli na yanachanganyika na maji. Yale yangu yalipanda juu yakaelea, matone mekundu. “Hidroliki,” akasema. Mafuta ya usukani na gia za otomatiki! Mafuta ya jamii hiyo yanavimbisha mipira ya breki. Alipofungua masta, ile kapu ya mpira inayokaa kwenye pistoni ilitoka imevimba na kulainika, haikukubali kurudi mahali ilipotoka. Ndiyo maana mwanzoni kila kitu kilikuwa sawa: mpira unachukua muda kunywa.

Na huwezi kubadilisha mmoja ukaacha mingine. Kapu zote, silinda zote, hozi zote, vyote vilishaonja. Mapaipu yakaoshwa kwa spiriti, maana petroli au dizeli ni kurudia kosa lilelile. Spea zikaja na basi kutoka Dar. Bei sitaki hata kuikumbuka.

Nikaipeleka ile kapu kwa bosi, nikaiweka mezani, nikamwambia ulijaza hidroliki kwenye breki. Mnajua alisema nini? “Mafuta ni mafuta, dada.”

Mafuta ni mafuta! Basi akakaangie chipsi hidroliki. Mpira uliolainika vile haukamatishi tu, siku nyingine unaachia na kuvuja, na mimi nateremka Isamilo asubuhi watoto wako njiani wanakwenda shule.

Niseme haki, pesa ya ufundi alinirudishia. Alirudisha baada ya dereva mmoja wa Canter kusogea na kuuliza, “Na mimi uliniwekea nini?” Ila alirudisha. Mwizi siwezi kumwita. Na kazi za bodi pale wanafanya vizuri, nimeona kwa macho yangu, rangi zao zinang'aa. Ukiwa na mkwaruzo, nenda. Ukiwa na breki, kabla hawajafungua tangi waambie wakuonyeshe kopo, usome mwenyewe, na uwe umesimama hapohapo wakati wanamimina. Wakikuuliza mwenye gari yuko wapi, ondoka.

Kwa hiyo nyota mbili. Moja ya rangi, moja ya mzee. Lakini huyo mzee nasikia hayupo tena pale, walikosana na bosi, sishangai. Basi moja. Na hiyo ya rangi nayo, nikifikiria ile Noah ya kijivu ilikuwa imekuja kupakwa rangi, naifuta.

Msiniulize mzee amehamia wapi. Nina bushi zangu hazijafungwa bado, akishapata foleni mimi nitakaa wapi?