Uzoefu wangu na DISTINCT ON ya PostgreSQL

Nina jedwali la vipimo. Vifaa vingi vinatuma joto mfululizo, na kila mara swali ni lilelile: nipe kipimo cha mwisho cha kila kifaa. Kulitamka ni rahisi, kuliandika kwa SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, ndiko kazi. GROUP BY pamoja na MAX hukupa muda wa mwisho, lakini haikupi joto lililosomwa muda huo. Inabidi uliunganishe jedwali na lenyewe, na vipimo viwili vikigongana kwenye muda mmoja, kifaa hicho kinajitokeza mara mbili kwenye jibu.

PostgreSQL, programu ya hifadhidata ninayoitumia, ina njia yake, ambayo haimo kwenye kiwango rasmi cha SQL:

SELECT DISTINCT ON (kifaa_id) kifaa_id, muda, joto
FROM vipimo
ORDER BY kifaa_id, muda DESC, id DESC;

Yaani panga kwa kifaa, kipya kitangulie, kisha chukua rekodi ya kwanza ya kila kundi, zilizobaki zitupe. Mistari mitatu tu, na anayeisoma anaielewa. Ile id DESC ya mwisho (id ni namba ya kila rekodi) usiiache: bila hiyo, muda ukilingana, hakuna ajuaye ni rekodi ipi itatoka, na leo unaweza kupata hii, kesho ile. Nyota nne kwa tano.

Nyota ya tano imepotelea kwenye masharti yake. ORDER BY lazima ianze na kifaa_id, kwa hiyo ukitaka orodha yako ianze na kifaa kilichosoma karibuni zaidi, unaifunga kwiri nzima (yaani swali lako la SQL) ndani ya nyingine na kupanga upya huko nje. Halafu kuna NULL, yaani nafasi isiyo na thamani. Ukipanga kwa DESC, PostgreSQL huziweka NULL juu, hivyo rekodi isiyo na muda inageuka kuwa “ya mwisho”. Andika NULLS LAST, na faharasa (index, inayoharakisha utafutaji) nayo iandike hivyohivyo, la sivyo haitakusaidia kwenye upangaji.

Linalonikera zaidi, ingawa si kosa la PostgreSQL, ni WHERE, sehemu ya kuchuja rekodi. Tuseme unataka vifaa ambavyo kipimo chao cha mwisho ni kibovu. Ukiweka sharti la ubovu ndani ya kwiri hiyohiyo, uchujaji unatangulia kuchagua. Utaletewa kipimo kibovu cha mwisho cha kila kifaa, hata kile kilichopona zamani na sasa kinasoma vizuri. Jibu linapendeza machoni na ni la uongo. Chagua za mwisho kwanza, chuja nje. Ningeombwa kukagua kwiri ya mtu, hapo ndipo ningeanzia.

Kasi je? Faharasa ya (kifaa_id, muda DESC, id DESC) inaondoa kazi ya kupanga, lakini rekodi zote bado zinapitiwa. Vifaa vikiwa vingi na kila kimoja kina rekodi chache, hutaona tatizo. Vikiwa vichache vyenye historia ndefu, nahamia LATERAL, iliyoingia toleo la 9.3 mwaka 2013: naanza na jedwali la vifaa, na kwa kila kifaa natafuta rekodi moja kwa LIMIT 1. Seva inaruka moja kwa moja hadi ncha ya kila kundi kwenye faharasa. Tofauti ni kubwa, fanya EXPLAIN ANALYZE, inayoonyesha kwiri ilivyotekelezwa na muda iliotumia, ujionee.

Kwa programu inayopaswa kukimbia pia kwenye hifadhidata nyingine kama MySQL au SQLite, DISTINCT ON haifai kabisa. Huko natumia ROW_NUMBER() yenye PARTITION BY, inayozipa namba rekodi za kila kundi ili nje nichukue zenye namba = 1, na ambayo zote mbili zinayo tangu 2018, MySQL kwa 8.0 na SQLite kwa 3.25. Ni ndefu kuandika, ila ukitaka vipimo vitatu vya mwisho badala ya kimoja, unabadilisha = 1 kuwa <= 3 na kazi imekwisha.